Aliwahi Pia Kuwa Bondia

Wasifu wa marehemu, kama unavyosomwa kwenye misiba ya Kahama na vitongoji vyake, una mpangilio ambao kila mtu anaujua kwa moyo: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto na wajukuu, kuugua, kufariki. Siku tuliyomzika Baba Mkubwa, msemaji wa familia alisimama chini ya turubai na karatasi iliyokunjwa mara nne, akapita kituo kwa kituo bila kukosea. Alitaja kijiji alikozaliwa, upande wa Shinyanga. Alitaja JKT. Alitaja machimbo. Alitaja watoto saba, na wajukuu ambao idadi yao ilisahihishwa papo hapo na sauti kutoka upande wa kina mama. Akasema marehemu alikuwa mtu wa familia, mpenda watu, asiyejikweza. Karatasi ikaisha. Ndipo alipokumbuka kitu, akaongeza kwa kichwa: "Marehemu aliwahi pia kuwa bondia."

Waombolezaji wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachoombwa radhi kabla hakijaisha. Kisha tukaenda makaburini.

Neno lililonikaa ni lile "pia". Baba Mkubwa alipanda ulingoni kwa takribani miaka tisa. Kuna watu wamesomewa wasifu wa kurasa mbili kwa kukaa ofisi moja muda mfupi kuliko huo, na cheo chao kikatajwa kwa herufi kubwa. Yeye miaka tisa yake ilikaa ndani ya neno lenye herufi tatu, tena la nyongeza.

Sina ugomvi na msemaji. Angesema nini zaidi? Hakuwa na karatasi ya kusomea. Hapakuwa na mkanda ukutani, wala kikombe kabatini, wala picha ya gazeti. Palikuwa na pua iliyopinda kulia, ambayo tayari ilikuwa ndani ya jeneza.

Kwa Kiswahili cha michezo, ngumi zimegawanyika mafungu mawili: za ridhaa na za kulipwa. Ridhaa maana yake mtu amekubali mwenyewe, hakulazimishwa. Hakuna anayefafanua kama aliyekubali alijua amekubali nini. Kulipwa nako, kwa mabondia wengi, ni dua zaidi kuliko taarifa. Lakini wa kulipwa wa leo ana faida moja: tovuti za ngumi zinamwandikia idadi ya mapambano, ushindi, vipigo, sare, na raundi alizomaliza. Hata akianguka kwenye ukumbi wa harusi mbele ya watu hamsini, ameanguka kwenye rekodi. Vijana wa ridhaa wa miaka ya sabini na themanini, ambao wengi walichezea timu za majeshi na mashirika ya umma, matokeo yao yaliandikwa kwenye karatasi za waamuzi. Karatasi zikaingia kwenye majalada, majalada yakaingia kabatini, na mara nyingi aliyekuja kulifungua kabati alikuwa mchwa.

Mahali pengine hilo lingepita kama jambo la kawaida, maana nchi nyingi husahau wanamichezo wake. Ukanda wetu haustahili udhuru huo. Sisi kazi yetu ni kupima.

Nenda Geita, kwenye soko la madini lililofunguliwa Machi 2019. Mchimbaji anaingia na kitu kidogo alichokifunga kwenye karatasi ya nailoni, akaifungua kwa vidole viwili kama anayemfungua mtoto nepi. Mzani unasoma gramu na pointi zake. Usafi unapimwa. Bei ya siku inatajwa, mrabaha wa serikali unakatwa, risiti inatoka. Chembe ambayo ikianguka kwenye mkeka wa mwalo huioni tena, hapo imepata tarehe, uzito, thamani na sahihi ya afisa. Kabla ya masoko hayo mambo yalikuwa ya kificho zaidi, lakini kupima hakukuwa kugeni. Mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, watu walitoka na mawe waliyokuwa wameyaficha kwenye magunia ya mpunga, na kila jiwe likapandishwa mzanini.

Au geukia upande wa Kishapu, Mwadui, ambako John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Likakatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likapachikwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Tunajua lilipozaliwa, uzito wake wakati wa kuzaliwa, nani alililea, liliolewa wapi na linavaliwa na ukoo gani. Jiwe hilo lina wasifu uliokamilika kuliko binadamu yeyote aliyelisogelea kwa koleo. Williamson mwenyewe, kwa taarifa, hakuoa. Alifariki mwaka 1958, na hakuna aliyepata nafasi ya kusema alikuwa mtu wa familia.

Kwa hiyo tusiseme kwamba hatuna utamaduni wa kumbukumbu. Tunao, na ni mkali. Umeelekezwa kwenye vitu vinavyouzika.

Baba Mkubwa alizungumza habari za Titus Simba kama wengine wanavyozungumza habari za shemeji aliyefanikiwa: kwa fahari, na kwa namna ya kudokeza kwamba mafanikio yale yalikuwa ya nyumba nzima. Simba alipigana uzito wa kati. Julai 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, alifika fainali akapata medali ya fedha. Ilikuwa miaka minne kabla ya mwanariadha Filbert Bayi kuwakimbiza watu Christchurch na jina la Tanzania kuwa na miguu. Aliyemshinda Simba ni kijana wa miaka 19 kutoka Liverpool, baba yake mtu wa Sierra Leone, jina lake John Conteh. Mwaka 1974 Conteh akawa bingwa wa dunia wa WBC wa uzito wa juu mwepesi.

Kila linalojulikana kuhusu Conteh limeandikwa: mapambano yake, mikono yake iliyovunjika, ugomvi wake na mapromota, pombe aliyoinywa na pombe aliyoiacha. Sasa muulize kijana wa Kahama anayepiga kiroba cha mazoezi leo akueleze habari za mtu aliyesimama kona ya pili usiku ule Edinburgh. Ukibahatika atakutajia jina. Ulingo una kona nne, na wanaume wawili walipigana humo kwa muda ule ule na kwa glavu zenye uzito ule ule. Mmoja ametoka na maktaba, mwingine ametoka na jina.

Tukisogea mbele, hali inabadilika kidogo. Mwaka 1998, Kuala Lumpur, Michael Yombayomba alileta dhahabu ya Jumuiya ya Madola ya uzito wa bantamu. Ni miongoni mwa dhahabu chache za nchi hii ambazo hazikuhitaji zebaki. Oktoba 10, 2009, pale Madison Square Garden, New York, Mtanzania Rogers Mtagwa alipoteza kwa pointi mbele ya Juan Manuel López, lakini raundi ya 12 ilimkuta bingwa huyo anatembea kama mtu anayetafuta mlango gizani. Pambano hilo unaweza kulitazama hata sasa kwenye simu, ukiwa umekaa kwenye benchi la mama ntilie Katoro. Mtagwa anakumbukwa vizuri, kwa sababu aliangukia mikononi mwa watu wanaotunza mikanda ya video. Kwetu sisi, kumbukumbu ya ngumi imekaa zaidi ndani ya damu. Rashid Matumla alipigana, nduguye Mbwana akapigana, na mwanawe Mohamed akapigana. Ukitaka kujua historia ya ngumi za Tanzania kwa miongo mitatu, kuna nyumba ambazo unaweza kubisha hodi. Ofisi ya namna hiyo sijaiona.

Hapo ndipo ninapotaka kulirudia lile neno la msemaji: mtu wa familia.

Nimehudhuria misiba mingi, na bado sijamsikia marehemu aliyekuwa adui wa familia yake. Sifa hii hutolewa kama wali wa msibani, kila mtu anapata. Lakini kwa mabondia ina kazi ya ziada. George Foreman alipofariki Machi 21, 2025, tangazo la familia yake lilianza na mhubiri, mume, baba, babu na babu mzaa babu. Ngumi zikaja baadaye. Huyu ndiye mtu aliyepigana na Muhammad Ali pale Kinshasa, Oktoba 30, 1974, usiku ambao Afrika nzima ilikesha. Alikuwa na watoto kumi na wawili, na wavulana wote watano aliwaita George. Familia ilijua inachofanya. Ilikuwa inamtoa mtu ulingoni na kumrudisha sebuleni, kwa sababu sebuleni ndiko walikomjua.

Sifa hiyo si hati ya usafi, hata hivyo. Idi Amin alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda kuanzia mwaka 1951 hadi karibu na 1960, na kwa hesabu ya wake na watoto hakuna atakayemnyima cheo cha mtu wa familia. Katika vita vya Kagera alitoa wazo kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, Ali akiwa mwamuzi. Mwalimu, ambaye mzani wa ngumi ungemweka kwenye madaraja ya chini, alijibu kwa brigedi. Na kuna wakati familia yenyewe ndiyo inayokuwa ulingo. Mkenya Robert Wangila, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas mwaka 1994 baada ya pambano, na nyumbani pakazuka mzozo uliofika mahakamani: azikwe Kiislamu au Kikristo? Kila upande ulikuwa unadai jambo lile lile, kwamba huyu alikuwa wetu.

Baba Mkubwa hakuwa na mambo makubwa ya namna hiyo. Alitoka JKT akachezea timu ya jeshi mojawapo, akapigana Mwanza, Tabora, Dodoma na Dar es Salaam, akarudi nyumbani na begi la turubai na lile tatizo la pua. Miaka ya tisini ikamkuta kwenye machimbo, kwanza upande wa Kahama, baadaye Nyarugusu. Hakuwa mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, wala mwenye leseni. Alikuwa mlinzi wa karasha, ile mashine ya kusagia mwamba, kazi ambayo mabondia wastaafu huipata bila usaili. Mwajiri anaangalia mabega, anauliza mshahara unaotaka, na anakupa nusu yake.

Jina la bondia lilimtangulia. Sungusungu walimwalika wakitegemea mkono, yeye akawapa mashauri, wakamwona amewapotezea muda. Kwenye barabara ya malori yaendayo Rwanda, pale Masumbwe, kila mara palikuwa na mtu wa kumtania kwamba amefika mji wa kwao. Masumbwe ni nchi ya Wasumbwa, haina uhusiano wowote na masumbwi, na Baba Mkubwa alilieleza hilo kwa utaratibu ule ule kwa kila aliyemtania, kwa miaka ishirini. Sijui mfano bora wa uvumilivu.

Nyuma ya nyumba alitundika kiroba kwenye mwembe. Alikishindilia pumba za mpunga, ambazo Kahama hazinunuliwi, akachanganya na mchanga kidogo upande wa chini ili kisirushwerushwe ovyo. Jioni vijana wa mtaa walikuja kupiga. Hakuwatoza. Alikuwa na sheria mbili: anayekuja na harufu ya pombe anafagia uwanja, na anayempiga mdogo wake nyumbani hagusi kiroba wiki nzima. Sheria ya pili ilimpa kazi ya hakimu, maana kina mama walianza kumletea mashtaka ambayo hayakumhusu.

Hapa kuna swali ambalo watu waliliuliza kwa sauti ya chini, na ninaona bora niliulize kwa sauti ya kawaida. Mtu aliyefundishwa kupiga kwa miaka tisa, nyumbani kwake hali ilikuwaje? Kanda yetu haiwezi kujifanya haijui kipigo cha nyumbani. Mama Mkubwa aliulizwa hilo tangu wiki ya kwanza ya ndoa, na majirani waliokuja na kisingizio cha kuazima chumvi. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mtu aliyepigwa sana anajua kunauma."

Ningependa jibu hilo liwe kanuni, lakini si kanuni. Carlos Monzón wa Argentina, mmoja wa mabingwa wakubwa wa uzito wa kati, alimuua mama wa mtoto wake mwaka 1988 akafungwa. Ngumi hazimfanyi mtu mpole wala katili. Zinampa chombo, na yeye ndiye anayeamua kukitumia wapi. Upole wa Baba Mkubwa haukuwa zawadi kutoka ulingoni, wala haukuwa bahati ya Mama Mkubwa. Ulikuwa uamuzi, na uamuzi unahitaji kurudiwa kila siku, hasa siku ambazo mwenye karasha hajalipa. Nikisema alikuwa mtu wa familia, ninamaanisha hilo. Msemaji hakuwa na nafasi ya kulieleza.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka.

Ilianza na kikombe cha chai. Akawa anakishika kwa mikono miwili, akisema chai ni ya moto. Baadaye vifungo vya shati. Baadaye akawa anaanza habari ya pambano la Tabora na kuimalizia Dodoma, na mpinzani akiwa amebadilika njiani. Tulimpeleka hospitali. Daktari kijana alimchunguza kwa heshima, akauliza swali la kazi. Tukamwambia machimbo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwishapata jibu. Halafu tukamwambia ngumi, akaacha kutikisa.

Dhahabu ya wachimbaji wadogo hupatikana hivi. Mwamba unasagwa kwenye karasha, unga wake unaoshwa mwaloni, zebaki inachanganywa ili ikamate chembe, kisha lile donge linachomwa. Zebaki inapaa kwa mvuke, dhahabu inabaki. Mara nyingi kuchoma huko hufanyika uani, kwenye jiko la mkaa, hatua chache kutoka kwenye sufuria ya maharage. Mvuke ule ukivutwa miaka mingi huleta mtetemo wa mikono, usahaulifu na hasira za ghafla. Mwaka 2003 watafiti walifika Rwamagasa, Geita, kuwapima wachimbaji, na wakawalinganisha na wakazi wa Katoro. Dalili za sumu ya zebaki walizikuta, hasa kwa wanaochoma. Upande wa pili, tangu mwaka 1928 daktari Mmarekani Harrison Martland alieleza kwa maandishi ugonjwa wa mabondia waliopigwa sana kichwani: mtetemo, usahaulifu, kutembea kwa kuyumba. Muhammad Ali alikuja Dar es Salaam Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kututaka tususie Olimpiki ya Moscow, nasi tukaenda Moscow. Alikuwa bado anatembea kwa mbwembwe. Miaka minne baadaye madaktari wakamwambia ana Parkinson.

Kwa hiyo Baba Mkubwa alikuwa na kazi mbili, na zote mbili zilikuwa zinadai mikono ile ile. Ni ipi iliyoitetemesha? Daktari alisema kwa unyoofu kwamba kutenganisha ni vigumu, na kwamba matunzo hayatabadilika sana. Ulingoni, matokeo yakikosa mshindi huitwa sare. Hapa hatukuwa na hata sare, kwa sababu hakuna upande uliokiri kupanda ulingoni. Machimbo hayakuwa na mkataba wake, na ngumi hazikuwa na rekodi yake. Mtu ambaye hakuandikwa popote hana pa kupeleka madai.

Alikwenda nyumbani. Kwa miaka sita Mama Mkubwa alimfunga vifungo. Binti wa tatu alihama Geita na biashara yake ya vitenge, akarudi kupanga chumba jirani. Mtoto wa mwisho, ambaye hakuwahi kurusha konde, alikuwa anamnyoa ndevu kila Jumamosi kwa uangalifu wa fundi saa. Walilipia CHF, ule mfuko wa afya ya jamii, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Ilibidi wakae chini waamue ni sita gani, kwa kuwa kaya ile haikuwahi kuwa na watu sita tangu 1982. Walichangishana nauli. Walijifunza kumpa chakula cha mchana mapema, kwa sababu alasiri mikono ilizidi.

Sasa naweza kusema nilichotaka kusema. Tunaposimama chini ya turubai na kumwita bondia mstaafu mtu wa familia, tunasema kweli, lakini hatusemi kweli yote. Familia ndiyo iliyokuwa chama chake cha ngumi, mfuko wake wa pensheni, hospitali yake na nyaraka zake. Timu ilimchukua akiwa na miaka ishirini, ikamrudisha akikaribia thelathini bila hata barua. Machimbo yakamchukua, yakamrudisha na mtetemo. Kila mara waliofungua mlango ni wale wale. Sifa tunayompa marehemu, kwa haki, nusu yake ni deni tunalowadai wengine, na tumelifunga kwa maneno mazuri ili lisiulizwe.

Sidai sanamu. Kanda hii ina sanamu za kutosha, na kila moja ina ndege wake. Ninadai kitu cha bei ya chini zaidi: daftari. Vyama vya ngumi vya mikoa viwatafute wazee waliobaki, wawaulize ulipigana wapi, na nani, mwaka gani, ukapata nini, nani alikuwa kona yako. Titus Simba hakuwa peke yake kizazini kwake; alikuwa na watu aliofanya nao mazoezi, watu waliompiga kabla hajawa Simba. Wengine wako Shinyanga, Mwanza, Geita, wanalinda makarasha, wanalinda maduka, wanashika vikombe kwa mikono miwili. Kazi hii haihitaji bajeti. Inahitaji mtu wa kuuliza kabla ya msemaji wa familia kuandika karatasi yake.

Usiku wa tatu baada ya maziko, matanga yalipopungua, tulikaa na Mama Mkubwa kupitia daftari la rambirambi. Hilo lilikuwa limeandikwa kwa ustadi ambao Benki Kuu ingeuonea wivu: jina, mtaa, kiasi, fedha taslimu au ahadi, na alama ya tiki kwa ahadi iliyotimia. Mtu wa karasha alitoa 5,000. Aliyetoa kuku ameandikwa kuku, na rangi yake. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Nikachora mistari: mwaka, mji, mpinzani, matokeo. Nikamwomba anisimulie mapambano.

Alikumbuka manane. Miaka hakuikumbuka kwa namba. Aliikumbuka kwa mimba na kwa mvua. Pambano la Dodoma lilikuwa akiwa na mimba ya binti wa pili. La Mwanza lilikuwa mwaka ambao mtama uliliwa na ndege. Wapinzani hakuwajua majina, ila mmoja ambaye baadaye alikuja kula kwao Idi, akaomba radhi kwa jicho. Kila mara nilipofika safu ya mwisho niliuliza alishinda au alishindwa, na kwa matatu ya kwanza alijibu. Pambano la nne, la Tabora, alinyamaza kwa muda.

"Alifika na basi la usiku," akasema. "Jicho la kushoto limefumba, mkononi ana mkate wa Tabora kwa ajili ya watoto. Ukaliwa asubuhi ile ile."

"Lakini alishinda, Mama?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa nangoja basi."

Kwenye safu ya matokeo nikaandika: alirudi, na mkate.